Swali la Pili

Inspekta aliomba rekodi ichezwe tena, na safari hii akawataka waliokuwamo chumbani wasikohoe wala wasisogeze viti.

Sauti ya mwanamume ikatoka kwenye spika, imekauka kwa hofu. "Haloo! Mtu ameanguka huku ghalani, kiwanda cha saruji! Kaangukiwa na mifuko, haongei! Njooni upesi!" Ikafuata sauti ya mpokea simu, mwanamke, tulivu kama ya mtu anayembembeleza mtoto. "Nimekusikia, kaka." Kimya kidogo. "Gari linakuja sasa hivi." Kitufe kikalia, na simu ikakatika.

"Basi umesikia, Afande," alisema Mkurugenzi wa kituo cha simu za dharura, mtu mnene mwenye desturi ya kuifuta miwani yake kila anapotaka mazungumzo yaishe. "Kiwanda kile kina maghala mawili. Moja liko lango kuu, la pili liko ng'ambo ya reli. Gari la wagonjwa likaenda lango kuu, na mpakiaji aliyeangukiwa yuko ng'ambo ya reli. Mpaka wanamfikia, amekwisha kata roho. Mpokea simu hakuuliza ni ghala lipi. Uzembe mtupu. Sioni kilichobaki cha kupelelezwa."

"Kimebaki kitu kimoja. Pumzi."

"Pumzi gani?"

Kazini, wenzake Inspekta walimbandika jina la Pasi, kwa kuwa hakuwahi kupita mahali mara moja akaridhika. Aliirudisha rekodi mwenyewe, akasimamisha kidole hewani, na pale penye kile kimya kidogo akakishusha. Wote wakaisikia: mwanamke yule alivuta pumzi, ndefu na kamili, kisha pumzi ikaishia hapo hapo.

"Mtu havuti pumzi namna hiyo ili atulie," alisema Inspekta. "Alikuwa na neno mdomoni, akalimeza. Nataka kujua ni nani aliyemfumba mdomo."

Mkurugenzi alivaa miwani yake. "Mwendesha mashtaka analisubiri jalada alasiri hii."

"Atalipata alasiri hii."

Juu ya mlango wa ukumbi wa simu palikuwa na maandishi makubwa ya rangi ya buluu: MASHINE HUSHAURI, BINADAMU HUAMUA. Inspekta aliyasoma akiwa anapita chini yake. Ndani, wapokeaji walikaa safu kwa safu, vipokea sauti vichwani, kila mmoja mbele ya skrini yake. Upande wa kulia wa kila skrini palikuwa na mstari mwembamba uliobadilika rangi kadiri mpiga simu alivyozungumza. Huyo ndiye Mshauri, akili bandia iliyofungwa kituoni hapo miaka michache iliyopita. Iliyasikiliza maneno ya mpiga simu, ikayapima, ikaandika gari liende wapi. Mstari mwekundu ulimaanisha haijajua, wa njano inakaribia kujua, wa kijani ina uhakika. Hata hivyo kitufe cha kulituma gari kilikuwa chini ya kidole cha mtu, na sheria ilikitambua kidole hicho peke yake.

Mwenye kidole alikuwa amewekwa katika chumba cha mapumziko kilichopakana na ukumbi, mbele ya kikombe cha chai kilichofanya utando. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, aliyeketi pembeni kabisa mwa kochi kama mgeni asiye na hakika kwamba amekaribishwa. Humo kazini alijulikana kwa jina la Bi Taratibu, na waliomwita hivyo hawakukusudia kumsifu.

"Chai imepoa," Inspekta alimwambia.

"Niliisahau, Afande. Chumba chenyewe hiki nakijua kwa kukipita tu. Wenzangu wakija kupumzika, mimi huwashikia simu. Tangu zamani ni hivyo."

"Kwa nini wewe?"

"Kwa kuwa simu haziwezi kuachwa pweke." Alilisema jambo hilo kama mtu anayetaja rangi ya ukuta.

Inspekta alivuta kiti, akakaa. "Mpiga simu aliposema ghalani, ulitaka kumwambia nini?"

"Nilitaka kumuuliza ni ghala lipi."

"Mbona hukumuuliza?"

"Mstari ulikuwa umekwisha kuwa wa kijani. Lango kuu, uhakika mkubwa. Mstari ukiwa wa kijani, swali lolote unaloongeza huhesabiwa ucheleweshaji. Nami nilikwisha onywa, Afande. Niliitwa ofisini nikaonyeshwa alama zangu za mazoezi, niko chini ya wote, hata wale walioajiriwa juzi. Nikaambiwa maswali yangu yatakuja kuua mtu."

"Uliambiwa na nani?"

Bi Taratibu alikigeuza kikombe, kishikio chake kikaangalia upande mwingine. "Na Mkufunzi. Ni wifi yangu, mke wa mdogo wangu. Lakini usimwekee neno baya, tafadhali. Alinionya kwa mapenzi. Yule nimeishi naye nyumbani kwangu alipokuwa anasoma chuo, mtoto wake wa kwanza kajifunza kutembea akishika gauni langu. Alinifuata mpaka hapo mlangoni akaniambia, 'Wifi, mara moja tu maishani mwako, iamini mashine.' Nikaiamini. Mara hiyo hiyo moja."

Inspekta aliinuka. Mlangoni aligeuka. "Huyo mpakiaji alikuwa na watu?"

"Mke na mama yake. Wamekuja hapa jana. Mama alitaka kuniona sura."

Mkufunzi alipatikana katika chumba cha mazoezi, chumba kilichogawanywa kwa kioo. Upande mmoja palikuwa na meza ya mpokea simu, sawasawa na zile za ukumbini; upande wa pili, nyuma ya kioo, palikuwa na kiti na maikrofoni. Huko ndiko alikokaa yeye wakati wa mazoezi ya kuigiza, akawa mpiga simu. Mazoezi yalirekodiwa yote, yakapewa alama, na yaliyopata alama za juu ndiyo aliyosomeshewa Mshauri.

"Nina ukoo mzima humu kooni, Afande," alisema akicheka, na papo hapo akageuka mzee mwenye pumu, kisha mtoto aliyepotelewa na mama, kisha mlevi anayeulizia njia ya kwao. Inspekta alicheka, maana ilikuwa haiwezekani kutocheka. Halafu Mkufunzi akarudi kuwa yeye, sauti yake ikashuka. "Nakuomba uelewe kwamba nasema kwa uchungu. Bi Taratibu ni wifi yangu, na mimi ndiye wa mwisho ambaye angetamani kumpaka matope. Lakini ukweli ni kwamba hawezi kuamua. Mtu anamwambia nyumba inaungua, yeye anauliza jina la bibi yake."

"Wengine?"

"Wengine wamepanda. Tulipoanza walikuwa sawa naye. Leo kuna mmoja tunamwita Umeme. Ukimwona kazini utadhani kaota simu kabla haijapigwa."

"Na rekodi za mazoezi za wifi yako Mshauri hakusomeshewa?"

"Ungeisomesha mashine kwa mtu wa mwisho darasani?" Alitabasamu. "Zilitupwa. Mshauri ana mchango wa kila mpokea simu wa hapa isipokuwa wake. Na ameokoa watu wengi, Afande, hilo mtu asikudanganye. Vituo vingine vimeshaanza kumwomba. Mwezi ujao nahamia makao makuu kuwafundisha."

"Hongera."

"Ahsante. Isingekuwa msiba huu."

Inspekta alikuwa na jina lingine kichwani, na aliona vema kulimaliza kabla halijamsumbua. Mlinzi wa mlango alikuwa amemdokeza kwamba asubuhi ya ajali Fundi wa mitambo aliingia katika chumba cha mashine na kujifungia. Tena Fundi huyo aliwahi kugombana na Bi Taratibu mbele za watu, akamwita jiwe. Mtu mwenye kinyongo na funguo hastahili kupuuzwa.

Alimkuta Fundi amelala chali chini ya meza, miguu nje.

"Ndiyo, nilijifungia," Fundi alijibu akiwa huko huko chini. "Feni ya kupoza mtambo ilikuwa inalia, na nikiacha mlango wazi, kila mtu huingia na ushauri. Na jiwe nilimwita, kweli. Alinipeleka puta wiki nzima. Mstari ukiwa wa kijani, yeye ananipigia: umejuaje? Namwambia, mama, mashine haiulizwi imejuaje. Yeye tena: basi wewe umejuaje kwamba imejua?" Alijivuta nje, akakaa, uso una vumbi. "Ningetaka kumkomoa, Afande, ningemkatia kipoza hewa. Ni mtu wa jasho."

"Siku ya ajali ilijuaje?"

Fundi aliacha kufuta mikono. "Hilo ndilo nililotaka mtu aniulize. Maana mpiga simu hakutaja lango. Sentensi moja tu, na mstari ukaruka kutoka mwekundu hadi kijani bila kupitia njano. Sijawahi kuona. Nikafuatilia ilikolitoa wazo hilo, nikafika kwenye zoezi moja la zamani. Zoezi la Ghala. Kiwanda ni hicho hicho, mtu kaanguka vile vile. Wapokeaji walifanya vizuri mno, ndiyo maana mashine ililiamini kabisa zoezi hilo."

"Ulimwambia nani?"

"Mkufunzi. Akasema ni jambo la kawaida, mashine imezoea kiwanda hicho."

"Nisikilizishe."

Fundi akamwekea rekodi ya Umeme. Sauti ya mlinzi mzee ikasema: "Haloo, haloo! Mtu ameanguka ghalani, kiwanda cha saruji!" Kama si Inspekta kuambiwa, asingejua kwamba mzee huyo ni Mkufunzi. Umeme akadakia hapo hapo: "Gari linakuja lango kuu, mzee wangu, wafungulie geti." Kitufe. Alama zikajitokeza kwenye skrini, za juu kabisa.

"Hodari," alisema Fundi.

"Rudisha."

Fundi alirudisha.

"Mzee amesema lango kuu?"

"Amesema..." Mkono wa Fundi ulisimama juu ya kibodi. Akarudisha mwenyewe bila kuambiwa, akasogeza sikio karibu na spika. "Hajasema."

"Amesema ghalani. Na maghala ni mawili. Huyu kijana kalijuaje lango?"

"Pengine kabahatisha."

"Weka mwingine."

Wa pili naye alituma gari lango kuu kabla ya kuambiwa. Wa tatu vile vile, na huyo alimwita mpiga simu "mzee" kabla mzee hajamaliza kusema haloo. Fundi aliendelea kuweka moja baada ya nyingine, na kadiri alivyoweka ndivyo alivyozidi kukaa wima. Hakuna aliyeuliza. Hakuna aliyekosea.

"Mlizitupa kweli zile za Bi Taratibu?"

"Kutupa ni maneno. Mimi situpi kitu." Alitafuta kwenye pembe ya mtambo, akaleta moja, ya Zoezi la Ghala. Mlinzi yule yule, maneno yale yale, halafu pumzi ndefu, na safari hii pumzi ikazaa neno: "Nimekusikia, baba. Ghala lipi? La lango kuu au la ng'ambo ya reli?" Mlinzi akajibu, "La lango kuu, binti yangu." "Haya, gari linakuja lango kuu." Kitufe. Alama zikaja: za chini. Sababu: swali la pili, ucheleweshaji.

Fundi aliizima spika.

"Kwa hiyo mashine haikuharibika," Fundi alisema polepole. "Ilisoma kwa bidii. Iliwaona watu hodari hawaulizi na wanapatia, ikaona kutouliza ndio uhodari. Ingejuaje kwamba walimu wake walikuwa na jibu mfukoni?"

"Ningependa kujua aliyewatilia mfukoni," alisema Inspekta. "Naomba unizimie Mshauri katika chumba cha mazoezi. Na usimwambie mtu."

Umeme alikuwa kijana maridadi mwenye saa kubwa, aliyezoea kutazamwa. Aliposikia kwamba Inspekta angependa kuona mpokea simu bora anavyofanya kazi, hakuhitaji kubembelezwa. Aliketi mezani, akavaa vipokea sauti, akavialisha vidole vikalia.

"Mshauri kazimwa," alisema.

"Nimeomba hivyo. Nataka kukuona wewe."

"Hewala, Afande. Kaa uone mambo."

Inspekta alipita nyuma ya kioo, akakaa kwenye kiti cha mpiga simu. Hakuwa na ukoo kooni; alikuwa na sauti yake moja ile ile ya kukwaruza. "Haloo," alisema kwenye maikrofoni. "Mtu ameanguka ghalani, kiwanda cha saruji."

Umeme hata hakuinua uso. "Gari linakuja lango kuu, wafungulie geti!" Akabonyeza kitufe, akageuka na tabasamu pana kuelekea kwenye kioo.

Inspekta alitoka, akasimama mbele yake. "Nilikuwa ng'ambo ya reli."

Tabasamu lilichelewa kuondoka. "Wapi?"

"Ng'ambo ya reli. Nimelaliwa na mifuko, na gari lako linapiga honi lango kuu. Umeniua, kijana."

"Lakini Ghala ni lango kuu!" Umeme alisimama, waya ukamvuta akakaa tena. "Siku zote Zoezi la Ghala ni lango kuu!"

"Nani kasema hili ni Zoezi la Ghala? Na nani kasema ni lango kuu?"

Kijana aliangalia mlango. Aliiangalia na saa yake, ambayo haikuwa na msaada wowote. Kisha akaumwaga mtama wote.

Hakuna aliyewaambia majibu, Afande aelewe hivyo. Ila Mkufunzi alikuwa na mazoea ya kupasha sauti kabla ya mazoezi. Aliingia chumba cha mapumziko wakati zamu imekaa na chai, akasimama katikati, akaigiza simu yote tangu mwanzo hadi mwisho, sehemu ya mpiga simu na sehemu ya mpokeaji pia. Watu walicheka, wakapiga makofi. Baadaye mmoja mmoja akaenda kukaa mezani, na simu ikaja ile ile.

"Mara ya kwanza tulidhani amejisahau," alisema Umeme. "Mara ya pili tukatazamana. Baada ya hapo tukaacha kutazamana. Hakuna aliyetuambia tusikilize, Afande. Hakuna aliyetuambia tuzibe masikio."

"Na Bi Taratibu alisikiliza?"

Umeme aliizungusha saa mkononi.

"Nimekuuliza."

"Yeye hakuwa mle." Sauti yake ilikuwa ndogo sasa. "Yeye alikuwa ukumbini. Anatushikia simu."

"Siku zote?"

"Siku moja aliingia, anataka maji. Mkufunzi alikuwa katikati ya kuigiza. Akanyamaza ghafla, akamshika bega, akamwambia, 'Wifi, rudi ukashike simu, hapa tunapiga porojo tu.' Akamtoa. Alipofunga mlango akamalizia."

"Nanyi mlisema nini?"

"Tulicheka," alisema Umeme. "Aliigiza mwendo wake, wa taratibu. Tulicheka."

Inspekta aliwaita watu wawili tu, akawakalisha katika chumba kile cha mazoezi, pande mbili za meza moja. Mkufunzi aliingia mwepesi, akambusu wifi yake shavuni, akamtengenezea kola ya blauzi. Bi Taratibu akakubali kutengenezwa. Inspekta hakukaa. Aliweka rekodi ya Umeme, kisha ya wifi, kisha ile ya kweli yenye pumzi, moja ikifuata nyingine bila maelezo.

Ya tatu ilipokwisha, Mkufunzi alikuwa amekwisha uondoa mkono wake mezani.

"Umeme amesema," Inspekta alimfahamisha.

"Umeme ni mtoto. Anatia chumvi."

"Waliokusikiliza kwenye chai ni zamu nzima. Nitawaita wote, mmoja mmoja, nami sina haraka. Wananiita Pasi."

Mkufunzi aliitazama dari. Aliposema, hakusema kwa sauti yoyote ya ukoo wake. Inspekta alihisi anaisikia sauti yake kwa mara ya kwanza. "Sikukusudia. Mwanzo ilikuwa kweli kupasha koo. Halafu alama zikapanda, na Mkurugenzi akawaleta wageni, akawaonyesha. Wakasema hawajawahi kuona watu wanaoamua hivyo. Ningesemaje? Ningesema wanaamua vile kwa kuwa nimewaigizia? Nilidhani Mshauri akishajifunza, haitajalisha tena alijifunza kwa nani. Nilidhani uharaka ni uharaka."

"Wifi yako ulimtoa chumbani."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu angeuliza!" Lilimtoka kwa nguvu, kama shutuma. "Wewe humjui. Angeniuliza, 'Wifi, mbona unawaigizia mtihani?' Mbele ya watu wote. Angeuliza kwa upole wake huo huo, na mimi ningekwisha."

"Kisha ukamwita ofisini kumwonya kwa alama zake, na ndizo peke yake zilizokuwa za halali."

Mkufunzi alisogeza kiti chake nyuma.

"Na Fundi alipokujia na Zoezi la Ghala, siku ya ajali, ulijua papo hapo. Ulijua mpakiaji yule amekufa kwa jibu lililotoka kwenye chai. Ukaniambia mimi kwamba wifi yako hawezi kuamua."

Simu ya mezani ililia. Alikuwa Mkurugenzi, akilitaka jalada. Mwendesha mashtaka amekwisha fika. "Liko tayari," Inspekta alimwambia. "Jina ndilo limebadilika. Na Mshauri azimwe kwa simu za viwanda vyote mpaka asomeshwe upya. Fundi ana rekodi za kumsomeshea. Ndiyo, hizo zilizotupwa. Hapana, Mkurugenzi, wewe usiondoke. Wageni wale ulikuwa unawaleta wewe." Akaweka mkono wa simu chini.

Bi Taratibu alikuwa anaviangalia vipokea sauti vilivyolala mezani mbele yake, vya mazoezi, sponji yake imechakaa.

"Siku ile nilipokuja kunywa maji," alisema hatimaye, akimwambia Inspekta wala si mwingine, "aliponishika bega. Nilirudi ukumbini nimefurahi. Nilidhani amenirudisha kwa kuwa hawezi kumwachia simu mtu mwingine." Aliunyoosha waya uliojikunja, akauzungusha vizuri, kama wafanyavyo mwisho wa zamu. "Hata mashine haina kosa. Nayo ilitusadiki."

"Wifi," Mkufunzi alisema. Machozi yalikuwa yamemjaa, na huenda yalikuwa ya kweli. Inspekta hakuwa na namna ya kuyapima. "Wifi yangu, usininyamazie. Niulize. Niulize lolote, nitakujibu ukweli mtupu. Uliza chochote unachotaka."

Bi Taratibu aliinua uso, akamtazama mke wa mdogo wake. Inspekta akaisikia: pumzi, ndefu na kamili, ya mtu aliye na neno mdomoni. Alingoja. Mkufunzi naye alingoja, ameegemea mbele, mikono imefunguka juu ya meza.

Pumzi ikaishia hapo hapo. Mwanamke yule alivitundika vipokea sauti kwenye ndoano yake, akarudisha kiti chini ya meza bila kukiburuza, akatoka. Na safari hii hakuna mtu aliyemfumba mdomo.